Barua ya wazi kwa watengenezaji wa Saw: mrudishieni mpelelezi kazi yake

Kwenu wakuu wa studio, watayarishaji, waongozaji na waandishi mnaoamua filamu za kutisha za Saw, ambamo muuaji huwafunga watu kwenye mitego ya kujiokoa au kufa, zielekee wapi,

Nawaandikia kumtetea mtu ambaye hajawahi kuishi. Jina lake ni David Tapp, mpelelezi wa kesi za mauaji. Alitoka vichwani mwa James Wan na Leigh Whannell, akapewa mwili na sauti na Danny Glover mwaka 2004. Katika filamu ile moja alichanjwa koo akapona, akampoteza mwenzake kazini, akaachishwa upolisi, akahamia chumba cha jirani ili aichungulie nyumba ya daktari ambaye hakuwa muuaji aliyekuwa akimtafuta, kisha akapigwa risasi ya kifua. Wengi wakisikia jina la filamu hiyo hukumbuka msumeno, mnyororo na lile bafu chafu. Mimi humkumbuka Tapp dirishani, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, amemkazia macho mtu asiye yeye.

Lalamiko langu nalitanguliza ili msihangaike kulitafuta: mpelelezi katika filamu zenu akikosea anakufa, na akifanya kazi yake sawasawa anakufa upesi zaidi. Mmekwenda hivyo tangu mwanzo, na kwa maoni yangu hapo ndipo hadithi ilipoanza kupungua uzito hata kama mitego ilizidi kukua.

Chukueni mkanda wa video wa filamu ya kwanza. Tapp na mwenzake, Steven Sing, wanaurudia mkanda aliochezewa Amanda Young, mateka aliyenusurika, alipokuwa amefungwa kichwani kile chuma cha kupasua taya. Kwenye mkanda kuna kikaragosi kinachozungumza, na macho ya mtu yeyote yangeganda kwenye kikaragosi hicho, maana ndivyo muuaji alivyokusudia. Wao wanatazama nyuma yake. Ukutani kuna michoro ya genge, na kwa mbali unasikika mlio wa king'ora cha moto. Michoro inawapa eneo, king'ora kinawapa jengo. Ni dakika chache tu za filamu, lakini nikiziona huwa nasogea mbele kwenye kiti. Huo ndio upelelezi: kukataa kutazama pale unapoelekezwa kutazama.

Kisha mkawapeleka kwenye jengo hilo usiku, bila hati ya upekuzi, bila wenzao wa kuwalinda mgongo. Sing akamwokoa mtu aliyefungwa kwenye kiti chenye keekee mbili zikimwelekea shingoni, akamfukuza muuaji ukumbini, akagusa waya, bunduki za marisau zilizotegwa juu zikammaliza.

Sigombani na kosa lao. Wapelelezi ni watu, na hasira ya kumkaribia muuaji huwapumbaza hata wazee wa kazi. Ninachogombania ni kwamba hakuna mtu katika hadithi anayeuliza swali la asubuhi yake: kama wangemkamata mle ndani, mwendesha mashtaka angesimama mahakamani ameshika nini? Nchini Marekani, tangu hukumu ya kesi ya Mapp dhidi ya Ohio mwaka 1961, vielelezo vilivyopatikana kwa upekuzi haramu kwa kawaida havipokelewi hata katika mahakama za majimbo. Tapp alijua. Kila polisi wa nchi hiyo anajua. Mlikuwa na mpelelezi aliyekuwa tayari kuiharibu kesi yake mwenyewe ili amwone tu muuaji kwa macho, na hilo ni jambo zito kuliko bunduki kumi zilizotegwa. Mlilipita kama vile lilikuwa mlango tu wa kuingilia kwenye tukio linalofuata.

Sasa Allison Kerry, mpelelezi mwingine. Huyu ndiye anayeniuma zaidi. Katika filamu ya tatu, mwaka 2006, anaingia kwenye chumba ambamo mtu amekufa mtegoni, na badala ya kuhesabu minyororo anautazama mlango. Mlango umechomelewa. Hata kama yule mtu angefanya yote aliyoamriwa, asingetoka. Kwa hiyo huyu si muuaji yule yule tuliyemzoea, au kama ni yeye, amevunja kanuni aliyokuwa akijivunia. Kerry amefikia hapo kwa kutazama mshono wa kuchomelea. Ni moja ya ugunduzi bora katika mfululizo wenu mzima, na mkamteka muda si mrefu baadaye, mkamweka kwenye mtego ambao aliutatua, akatia mkono kwenye tindikali akautoa ufunguo, akafungua kufuli, na bado mkamwua. Niliwahi kulisoma tukio hilo kama namna ya kuonyesha ukatili wa mtengenezaji mpya wa mitego. Ndiyo, linaonyesha. Lakini pia lilitufundisha sisi watazamaji kwamba kutumia akili katika dunia yenu hakuna faida, na mtazamaji akishafundishwa hivyo huacha kufikiri pamoja na mpelelezi. Hukaa akisubiri damu.

Mwaka 2009, katika filamu ya sita, mlifanya hivyo tena. Maajenti wa FBI, Perez na Erickson, wanalinganisha mikato ya kile kipande cha ngozi ambacho muuaji hukikata kwenye miili kuwa alama yake. Miili mingi ina mkato laini wa kisu cha upasuaji. Miwili ina mkato wa kisu chenye meno. Wanaichukua sauti iliyopotoshwa kwenye kaseti, fundi anaisafisha taratibu mpaka inajitokeza sauti halisi ya Mark Hoffman, mpelelezi mwenzao, aliyesimama nao chumbani humo humo. Kazi safi kabisa. Dakika hiyo hiyo Hoffman anawaua maajenti wote wawili na fundi, na maabara inateketezwa.

Eric Matthews, mpelelezi wa filamu ya pili ambaye mwanawe ametekwa, sina maneno mengi juu yake. Aliambiwa akae azungumze, akashindwa kukaa. Hiyo ni hadithi ya baba, na kama hadithi ya baba ilisimama vizuri.

Najua mtakachojibu, kwa sababu nimekisikia kwa watu wengi wanaopenda filamu hizi kama ninavyozipenda: mtazamaji hakununua tiketi aje kuona mtu akipekua majalada. Mnaogopa kwamba subira haina picha. Basi nipeni nafasi niwasimulie habari ya ngazi.

Usiku wa tarehe 1 Machi 1932, mtoto mchanga wa rubani Charles Lindbergh aliibwa kutoka chumba cha juu cha nyumba yao huko New Jersey. Mwizi aliacha ngazi ya mbao aliyoiunda mwenyewe. Serikali ilimpa ngazi hiyo Arthur Koehler, mtaalamu wa mbao wa maabara ya mazao ya misitu iliyoko Madison, Wisconsin. Hakuwa polisi. Aliifungua ngazi kipande kwa kipande, akapa kila kipande namba, akaanza kusoma mbao. Akaona kwamba baadhi zilipitishwa kwenye mashine ya randa yenye idadi fulani ya visu, na kwamba kisu kimoja kilikuwa na kasoro iliyoacha alama ndogo ikijirudia kwa umbali ule ule ubaoni kote. Akaandikia barua viwanda vya mbao zaidi ya 1,500 akiuliza nani ana mashine ya namna hiyo. Akavipunguza, akaomba sampuli, akazilinganisha, akafika kwenye kiwanda kimoja cha South Carolina. Kutoka hapo akafuata shehena za mbao hizo, duka la mbao hadi duka la mbao, mpaka akasimama mbele ya moja lililoko Bronx, New York. Humo kazi ikakwama, maana wateja walilipa taslimu na majina yao hayakuandikwa.

Aliyekamatwa, Bruno Hauptmann, alipatikana mwaka 1934 kwa njia nyingine: mhudumu wa kituo cha mafuta alilitilia shaka noti aliyolipwa, akaiandikia namba ya gari pembeni. Lakini polisi walipopanda darini kwake waliona ubao umekatwa sakafuni, na Koehler akaonyesha mahakamani kwamba kipande kimoja cha ngazi, alichokiita namba 16, kiliendana na sakafu hiyo kwa mistari ya mti na kwa matundu ya misumari. Ikabainika pia kwamba Hauptmann aliwahi kununua mbao kwenye duka lile lile la Bronx. Hadi leo wapo wanaoibishania hukumu ile, na sitaki kuingia kwenye ubishi huo. Nazungumzia ngazi. Mtu mmoja aliye na lenzi na barua 1,500 aliusogelea mtaa wa mshukiwa kabla hata jina lake halijajulikana, akiongozwa na kovu la kisu cha randa.

Niambieni kama hiyo haina picha.

Muuaji wenu anajenga kwa chuma. Kile chuma cha Amanda kina springi zenye nguvu za kupasua taya, na springi za namna hiyo hazipatikani kila kona. Kina bawaba, komeo, saa ya kuhesabu dakika, na mahali kilipochomelewa. Kila mchomeleaji ana mkono wake: kasi yake, pembe yake, tabia yake ya kumalizia mshono. Patasi na koleo huacha michirizi inayoweza kulinganishwa chini ya hadubini na kifaa chenyewe kikipatikana. Kukata chuma kunatoa unga unaoshika kwenye nguo, kwenye viatu, kwenye zulia la gari. Edmond Locard, aliyeanzisha maabara yake ya polisi huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, alijenga kazi yake yote juu ya wazo kwamba mtu hawezi kugusa mahali bila kuacha kitu na kuondoka na kitu. Sasa mfikirieni mtu anayebeba mtego wa kilo nyingi, peke yake, mgonjwa wa saratani kama muuaji wenu, na kuuingiza kwenye jengo bovu usiku. Ameacha nini? Ameondoka na nini? Alisaidiwa na nani kuuinua? Swali hilo la mwisho pekee, mpelelezi akiliuliza kwa dhati katika filamu ya kwanza, lingemfikisha kwa wasaidizi wa muuaji miaka kadhaa kabla yenu kuamua kuwafichua.

Kadiri mtego unavyokuwa wa kupindukia ndivyo unavyoongeza watu walioshiriki bila kujua: aliyeuza springi, aliyekodisha ghala, aliyesoma mita ya umeme, aliyesikia mashine ikinguruma saa nane za usiku. Hawa ni mashuhuda, na katika filamu zenu hawapo kabisa. Jiji lenu halina majirani.

Huko New York, kuanzia mwaka 1940, mtu mmoja alitega mabomu zaidi ya thelathini kwenye majumba ya sinema, vituo vya treni na maktaba, akawa anapeleka barua za kujigamba na kulalamika. Watu 15 walijeruhiwa. Polisi walimtafuta kwa miaka, daktari wa magonjwa ya akili James Brussel akatabiri tabia zake, na magazeti yanapenda sana kuisimulia sehemu hiyo. Lakini jina la George Metesky lilitoka kwenye droo ya majalada. Karani wa kampuni ya umeme, Alice Kelly, alikuwa akipekua mafaili ya wafanyakazi wa zamani waliodai fidia ya kuumia kazini, akakuta barua zenye maneno yale yale yaliyokuwa kwenye barua za mtega mabomu. Januari 1957 Metesky akakamatwa. Nani kati yenu ameshawahi kumwandikia Alice Kelly tukio? Mwanamke peke yake ofisini, taa ya mezani, rundo la karatasi za watu waliokwishasahauliwa, na ghafla sentensi anayoijua. Hofu ya hapo haihitaji hata tone la damu.

Na kama mnataka mpelelezi anayeanguka, yupo, na anguko lake ni la kweli kuliko la Tapp. Mwaka 1979 polisi wa West Yorkshire, Uingereza, walipokea kaseti. Sauti ya mwanamume ilijitambulisha kuwa ndiye muuaji wa wanawake waliyemtafuta kwa miaka, ikamdhihaki kwa jina ofisa aliyeongoza upelelezi, George Oldfield. Oldfield aliiamini. Wataalamu wa lafudhi waliiweka sauti hiyo Sunderland, na kuanzia hapo mshukiwa ambaye hakuzungumza kwa lafudhi ile alikuwa na nafasi kubwa ya kuachwa aende zake. Peter Sutcliffe, muuaji halisi, alihojiwa mara tisa katika upelelezi ule. Kadi za taarifa zilikuwa nyingi mno, za karatasi, zisizoweza kukutanishwa. Mtu mmoja angeweza kuwa na kadi kadhaa ambazo hakuna aliyezisoma pamoja. Baada ya kaseti wanawake watatu zaidi waliuawa. Afya ya Oldfield iliporomoka.

Kaseti! Chombo kile kile mlichokichagua kiwe sauti ya muuaji wenu. Ile ya Oldfield ilikuwa ya mwongo aliyekaa nyumbani kwake. Alitambuliwa kwa vinasaba vya mate kwenye bahasha na akafungwa mwaka 2006. Na Sutcliffe alikamatwaje? Januari 1981, askari wa doria huko Sheffield walimshuku kwa sababu ya namba bandia za gari. Alipokwisha kufikishwa kituoni, sajini Robert Ring alikumbuka kwamba mtu yule aliomba kwenda pembeni kujisaidia kabla ya kuchukuliwa. Akarudi mahali pale, akamulika tochi, akakuta nyundo na kisu. Narudia kulifikiria tukio hilo: mtu amemaliza zamu yake ya jana, ameshika tochi, anarudi kwenye giza lile lile kwa sababu kuna dakika moja ambayo haikumkaa sawa.

Nieleze kwa nini haya yananigusa hivi. Mama yangu mdogo aliuawa nikiwa bado mtoto. Mpelelezi aliyepewa jalada lake alikuja nyumbani mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, akiwa na daftari ambalo jalada lake lilikuwa limeng'oka. Hakuwa na maneno makubwa. Aliuliza kuhusu kufuli la mlango wa nyuma. Funguo zilikuwa ngapi? Akaandika, akaaga. Akaja tena: funguo zilikuwa ngapi? Bibi alikasirika mara ya pili, akamwambia amekwisha kumjibu. Mara ya tatu, kabla hajamaliza swali, bibi alinyamaza muda mrefu, kisha akakumbuka kwamba kulikuwa na ufunguo mwingine, aliokabidhiwa mtu kwa siku mbili tu na haukurudishwa. Nilikuwa nimekaa chini sakafuni nikamwona yule mpelelezi anaweka kalamu mezani polepole. Kesi ilifika mahakamani.

Kwa hiyo ninapowaona Tapp, Kerry na Perez wakigundua kitu halafu mkawakata kabla hawajakitumia, siwezi kusema ni mchezo tu. Nyuma ya kila maiti ya mtegoni kuna nyumba ambayo mtu wa kushika daftari angepaswa kuiendea. Filamu zenu zimejaa maiti, na karibu hazina wafiwa.

Kuna jambo jingine linalohusu mdomo. John Kramer, ndiye muuaji wenu mwenyewe, amepewa muda wa kuzungumza kuliko mtu yeyote. Tobin Bell anamcheza kwa utulivu unaokufanya uegemee kumsikiliza, nami nampongeza. Anadai kwamba yeye hajawahi kuua mtu. Aliweka tu uchaguzi, na waliokufa walichagua vibaya. Watazamaji wengi wameimeza hoja hiyo kwa sababu hakuna polisi hata mmoja aliyepewa nafasi ya kuijibu kwa ukamilifu, ilhali sheria iliijibu zamani. Uingereza ilipiga marufuku bunduki za kutegwa mwaka 1827. Iowa, Marekani, mwenye shamba mmoja alitega bunduki ya marisau kwenye nyumba yake isiyokaliwa, ikampasua mguu mtu aliyeingia kuiba chupa za kale. Mwaka 1971, katika kesi ya Katko dhidi ya Briney, mahakama kuu ya jimbo ilishikilia kwamba mtega bunduki amlipe mwizi huyo dola 30,000. Mwizi! Aliyeingia kwa hiari yake, kwa kosa lake. Mahakama ilisema mtu hana haki ya kufanya kwa mashine asichoruhusiwa kufanya kwa mkono wake akiwepo. Sasa Kramer aliwateka watu usiku na kuwafunga. Mpeni mpelelezi mmoja dakika mbili mbele yake, bila kupiga kelele, amweleze hili akiwa na picha za waliokufa mezani. Nataka kuuona uso wa Tobin Bell akisikiliza.

Kuhusu Hoffman nitasema kwa haki. Kumfanya mpelelezi kuwa muuaji lilikuwa wazo lenye mizizi: aliiga alama ya muuaji mwingine ili kulipiza kisasi cha dada yake, na aliweza kuiga kwa sababu alikuwa akiyasoma majalada ya kesi ile kila siku. Ni hatari ya kweli ya kazi hiyo. Anayejua polisi wanatafuta nini anajua pia waache kuona nini. Na mwaka 2021 mliligusa suala la polisi wanaoua na kusema uongo mahakamani, mkamweka Chris Rock katikati yake kama mpelelezi anayetengwa na wenzake kwa kusema ukweli. Polisi wa namna hiyo wapo duniani na familia nyingi zimeumia mikononi mwao, kwa hiyo siombi mnipakie rangi nzuri juu ya beji. Naomba tu muone kwamba hata uovu wa polisi hugunduliwa kwa kazi ile ile: mkato wa kisu, saa isiyolingana, sahihi iliyogushiwa kwenye orodha ya vielelezo. Mkimwua kila anayejua kusoma vitu hivyo, Hoffman hatakuwa na mpinzani, na muovu asiye na mpinzani huchosha upesi.

Hamna kisingizio cha fedha. Filamu ya kwanza ilipigwa kwa siku 18 tu, kwa dola milioni moja na ushei, ikaingiza zaidi ya milioni 100 duniani kote. Chumba kimoja, watu wawili, na swali. Mtego wa gharama kubwa hautaleta tena msisimko ule, kwa sababu haukuwahi kutoka kwenye chuma. Ulitoka kwenye kutojua, na hakuna mtu anayekaa na kutojua kwa muda mrefu kama mpelelezi wa mauaji.

Ombi langu ni filamu moja. Mchukueni mpelelezi asiye na kisasi cha nyumbani wala jinamizi la utotoni, mumpe maiti ya kwanza na mtego uliokwisha kufanya kazi yake. Mwacheni auvunje vipande kama Koehler alivyoivunja ngazi. Mumpe fundi wa kuchomelea mzee anayejua kusoma mshono, karani wa ghala la vyuma anayekumbuka mteja aliyelipa taslimu, mjane asiyetaka kuulizwa tena. Mumpe mkubwa wa kazi anayemharakisha na mwendesha mashtaka anayemwambia hati ya upekuzi haitapatikana kabla ya asubuhi. Kisha muwaonyeshe watazamaji kwamba mtego wa pili tayari una mtu ndani, na saa inakwenda, na mpelelezi amesimama nje ya jengo akijua anwani, akijua Sing alikufa vipi, hana hati mkononi. Avunje mlango kwa sababu kuna uhai wa mtu, au asubiri, mtakavyoona. Ila akiamua, abaki hai na uamuzi wake, na kesho yake aende mahakamani kuulizwa.

Kama hilo ni kubwa mno kwenu, basi nawaomba kidogo. Rudini kwenye chumba cha Kerry mwaka 2006, mlango umechomelewa, mwanga wa tochi unapita juu ya mshono. Msimrudishe nyumbani kutekwa. Mpeni simu, ampigie mtu anayejua kuchomelea, amwambie aje autazame mlango huu.

Wenu katika kuzipenda filamu hizi,
Mtazamaji wenu tangu ya kwanza